Mtoto Anakulaje? Utulivu wa Chakula cha Usiku na Afya ya Mtoto Mdogo

Mama amefika nyumbani saa 1:30 usiku, baada ya kusimama ndani ya daladala tangu katikati ya mji. Dada wa kazi amekwisha kusonga ugali, na maharage yapo jikoni. Mtoto wa miaka miwili na nusu alipewa biskuti na juisi ya pakiti saa 11:00 jioni ili anyamaze. Televisheni inapiga kelele, baba anazungumza na simu, na kaka mwenye umri wa miaka sita anachezea maji ya kunawa. Saa 2:30 sahani inawekwa. Mtoto anapokea tonge la kwanza. La pili analitema. La tatu linamkuta amefumba mdomo na kugeuza uso, na hapo vita huanza: kwanza kubembeleza, kisha kumtisha kwamba askari anakuja, kisha ahadi ya pipi, na mwisho kofi la paja. Saa 3:15 mtoto amelala na machozi yake, ugali umepoa, na mama, ambaye mwenyewe hajala, anawaza mizani ya kliniki itasema nini wiki ijayo.

Nyumba hii ni ya mfano, lakini wazazi wengi wa mijini wataitambua, na wahudumu wa kliniki za watoto husikia habari zake karibu kila siku. Mama akifika kliniki huulizwa, "Mtoto anakula nini?" Naye hujibu vizuri: ugali, maharage, dagaa, mchicha, mara nyingine yai. Majibu yote ni sahihi. Swali ambalo mara nyingi halifuati ni hili: "Mtoto anakulaje?" Anakula saa ngapi, na nani, katika hali gani, na nini hutokea akisema hataki? Katika majibu ya swali hilo la pili ndipo hupatikana sababu kwa nini chakula chema kilichomo sufuriani hakifiki tumboni.

Hofu ya mama ina msingi

Itakuwa makosa kumwambia mama huyo kwamba ana wasiwasi wa bure. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi, mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika utafiti wa 2015-16 walikuwa asilimia 34. Hatua imepigwa, lakini bado takriban watoto watatu katika kila kumi ni wafupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wao. Udumavu huambatana na maradhi ya mara kwa mara na ugumu wa kujifunza. Mama anayelazimisha tonge hafanyi hivyo kwa ukatili. Anafanya kwa sababu anaogopa.

Shida ni kwamba njia anayotumia humpeleka mbali na anachokitafuta. Mtoto anayelishwa katika vurugu huanza kuhusisha sahani na maumivu. Kesho yake hufumba mdomo mapema zaidi, hofu ya mama huongezeka, na nguvu huongezeka nayo. Mduara huo ukizunguka kwa miezi, mlo wa usiku, ambao katika familia nyingi ndio pekee unaowakutanisha wote, huwa saa inayoogopwa na kila mtu.

Kwa sababu hiyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2023 kuhusu chakula cha nyongeza kwa watoto wa miezi 6 hadi 23 haukuishia kwenye aina za vyakula. Unapendekeza pia kwamba mtoto alishwe kwa mwitikio: mlezi asome dalili za njaa na za shibe, azijibu, na amsaidie mtoto ajifunze kula mwenyewe. Nchini Tanzania, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa mwaka 2021, nayo inaziweka lishe na malezi yenye mwitikio pamoja kama mambo yasiyotenganishwa. Utulivu wa mlo, kwa hiyo, ni sehemu ya lishe yenyewe.

Kwa nini mtoto mzima wa afya hukataa chakula

Sababu ya kwanza ni ya kimaumbile. Katika mwaka wa kwanza mtoto hukua kwa kasi kubwa: aliyezaliwa na kilo tatu hukaribia kilo tisa au zaidi anapotimiza mwaka. Katika mwaka wa pili huongeza takriban kilo mbili na nusu tu. Mwili unaokua polepole hudai chakula kidogo kwa kulinganisha, na hamu ya kula hushuka. Mama anayekumbuka jinsi mwanawe alivyomaliza bakuli la uji akiwa na miezi kumi huona mabadiliko haya kama ugonjwa, ilhali mara nyingi ni ukuaji wa kawaida. Tumbo lenyewe ni dogo. Mtoto wa kilo kumi hutosheka na takriban mililita 300 kwa mlo mmoja, na kipimo kinachopendekezwa kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili ni robo tatu hadi kikombe kizima cha mililita 250. Sahani iliyojazwa kwa jicho la mtu mzima humshinda kabla hajaigusa.

Sababu ya pili ni woga wa kitu kipya. Kuanzia karibu miaka miwili watoto wengi hukitilia shaka chakula wasichokizoea, hasa mboga na vitu vichungu. Mwaka 1982 mtafiti wa Marekani Leann Birch na mwenzake walionyesha kuwa watoto wa miaka miwili walizidi kukipenda chakula kadiri walivyozidi kukionja. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba huenda ikahitajika mara kumi au zaidi. Mzazi anayekata tamaa baada ya mara tatu na kusema "huyu hapendi mchicha" ameacha njiani.

Sababu ya tatu ni saa. Mtoto wa miaka mitatu au minne, kwa mujibu wa WHO, anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Anayeamshwa saa 11:30 alfajiri ili awahi gari la shule, na asiyelala mchana, anapaswa kuwa amelala kufikia saa 1:30 usiku. Akilala saa moja mchana, basi iwe saa 2:30. Katika nyumba ya mfano hiyo ndiyo saa ambayo sahani ilikuwa inawekwa. Mtoto yule alikuwa na usingizi, na aliyeelemewa na usingizi huonekana mkaidi.

Sababu ya nne ni biskuti na juisi za saa 11:00. Vitu vitamu huondoa njaa bila kuujenga mwili. Chai nayo, ambayo watoto wengi hupewa pamoja na mlo, hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga.

Yanayofanya vita iwe kali zaidi

Yapo mambo manne ambayo wahudumu wa afya wanapaswa kuyauliza kwa upole, bila kumwaibisha mlezi, kwa kuwa mengi hurithiwa kutoka kizazi hadi kizazi.

La kwanza ni kumlisha mtoto kwa nguvu. Katika baadhi ya nyumba mtoto hulazwa mapajani, pua ikazibwa ili mdomo ufunguke, kisha uji ukamiminwa. Hii ni hatari ya moja kwa moja. Mtoto anayelia huku akimiminiwa uji anaweza kupaliwa, uji ukaingia katika njia ya hewa, na matokeo yakawa nimonia au kifo. Hakuna gramu za uzito zinazostahili hatari hiyo.

La pili ni simu. Siku hizi katuni imechukua nafasi ya fimbo: mtoto hukodoa macho kwenye kioo na mdomo hufunguka wenyewe. Chakula huingia, lakini mtoto hajui amekula nini wala hajui ameshiba lini, na baada ya muda hali bila simu. WHO inashauri mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe kabisa mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku.

La tatu ni kumlipa mtoto pipi kwa kumaliza mboga. Mtoto hujifunza upesi kwamba mboga ni adhabu na pipi ni tuzo.

La nne ni kinyume cha yote hayo: kumwacha. Mtoto mdogo anayekula sinia moja na kaka na dada zake hushindwa mbio. Wao wana mikono mikubwa, yeye tonge lake hudondoka. Chakula kikiisha, watu wazima huamini naye ameshiba.

Kazi ya mzazi, kazi ya mtoto

Tangu miaka ya 1980 Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani, amefundisha kanuni nyepesi inayotumika katika kliniki nyingi duniani. Mzazi huamua chakula gani kitaliwa, saa ngapi na mahali gani. Mtoto huamua kama atakula na kiasi gani. Kila mmoja akibaki katika kazi yake, sababu ya kupigana hupungua.

Kanuni hiyo ilizaliwa katika nchi ambako chakula ni kingi, na inahitaji nyongeza katika mazingira ambamo baadhi ya watoto wana utapiamlo. Mlezi hamlazimishi mtoto, lakini pia hakai pembeni akitazama. Humtazama usoni, huzungumza naye, hula mbele yake chakula kile kile, humpa tonge jingine baada ya kumeza la kwanza, na akigeuza uso husubiri dakika chache na kumkaribisha tena mara moja au mbili. Akikataa tena, mlo umekwisha kwa amani. Mtoto awe na sahani yake mwenyewe, hata kama inawekwa kando ya sinia ya wote, ili ijulikane amekula kiasi gani. Aanze na vijiko viwili au vitatu na aongezwe akiomba. Haba na haba hujaza kibaba, na mtoto anayeomba kuongezwa humpa mama furaha ambayo sahani iliyojaa haikuwahi kumpa.

Mtoto anayetoka katika homa au kuharisha ni suala jingine. Huyo anahitaji vinywaji zaidi, milo midogo ya mara kwa mara, na mlezi mwenye subira zaidi kuliko kawaida. Bado hahitaji nguvu.

Jioni hupangwa kabla ya sahani

Utulivu wa saa 1:00 usiku hutengenezwa saa 10:00 jioni. Kitafunwa cha jioni kitolewe saa hiyo, na kiwe chakula: ndizi mbivu, kipande cha parachichi, kiazi kilichochemshwa au maziwa. Baada ya hapo ni maji tu hadi mlo wa usiku, isipokuwa kwa mtoto anayenyonya. Aogeshwe mapema, na apate dakika kumi za kutulia badala ya kuitwa ghafla kutoka kwenye mchezo.

Familia ambayo baba au mama hurejea saa 3:00 usiku haina sababu ya kumweka mtoto macho kwa ajili ya picha ya familia kamili. Mtoto ale saa 12:30 au saa 1:00 pamoja na yeyote mtu mzima aliyepo, awe bibi, babu, shangazi au dada wa kazi. Mlo wa familia nzima unaweza kuwa uji wa asubuhi, au chakula cha mchana cha Jumapili. Linalomfaa mtoto ni mtu mzima aliyeketi naye na kula naye, na jambo hilo lijirudie kiasi cha kulitarajia. Dada wa kazi, ambaye katika nyumba nyingi ndiye mlishaji mkuu, aelezwe mambo haya kwa heshima, na akiweza aje kliniki pamoja na mtoto. Ushauri anaopewa mama peke yake mara nyingi huishia getini.

Kinachoufanya mlo uwe wa pekee

Kuupa mlo heshima yake hakuhitaji fedha. Mtoto mdogo hupenda lile linalorudiwa. Mkeka mmoja unaotandikwa kwa ajili ya chakula cha usiku tu humwambia mwili wake kuwa wakati umefika. Televisheni huzimwa na simu zote, za watu wazima zikiwa za kwanza, huwekwa juu ya kabati. Mtoto wa miaka mitatu hugawa vijiko. Wa miaka mitano hushika jagi na kuwamwagia wengine maji ya kunawa, akianza na bibi. Kunawa kwa sabuni humkinga na kuharisha, na kazi ile humpa cheo: ameingia kwenye mlo kama mwenyeji, si kama mgonjwa wa kulishwa. Dua au shukrani hutolewa kwa desturi ya nyumba.

Wakati wa kula, mazungumzo yawe ya kila mtu. Maswali ya "Leo umeona nini?" hufaa kuliko hesabu za matonge. Mtafiti Catherine Snow wa Marekani na wenzake walirekodi mazungumzo ya familia zikiwa mezani, wakaona kwamba hapo watoto husikia maneno mapya na masimulizi yanayowasaidia baadaye katika kusoma. Wazee wa pwani na bara hawakuhitaji kinasa sauti kulijua hilo. Baada ya chakula cha usiku ndipo ilipotegwa "Kitendawili!" na watoto wakaitikia "Tega!", ndipo "Paukwa" ilipojibiwa "Pakawa". Kitendawili kimoja au hadithi fupi baada ya kunawa ni tuzo bora kuliko pipi, na hutolewa kwa kila mtoto, aliyemaliza sahani na asiyemaliza.

Mlo wa mtoto mdogo hauhitaji kuzidi dakika 20 hadi 30. Aketi muda wote anapokula. Asikimbie na tonge mdomoni. Karanga nzima, pipi ngumu, vipande vigumu vya nyama na samaki mwenye miiba ni hatari kwa walio chini ya miaka mitano. Karanga zisagwe, nyama ichambuliwe, miiba itolewe.

Mzazi aonywe mapema kwamba siku za kwanza huwa ngumu. Mtoto aliyezoea katuni au pipi ataidai, na huenda akala kidogo kwa usiku kadhaa. Mtoto mwenye afya hufidia katika milo mingine. Ndiyo maana mhudumu ampangie mama tarehe ya kurudi kupima uzito baada ya wiki mbili, ili mizani impe moyo badala ya hofu kumrudisha kwenye nguvu.

Wakati kukataa chakula si tabia

Utulivu wa mlo hautibu ugonjwa. Mtoto apelekwe kituo cha afya bila kusubiri ikiwa hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na hazinduki vizuri. Apelekwe pia akiwa na homa, vidonda vya kinywa, kikohozi kisichoisha au weupe wa viganja, au ikiwa hupaliwa mara kwa mara wakati wa kula. Mstari wa ukuaji kwenye kadi ukilala au kushuka, uchunguzi unahitajika. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzingo wa mkono ulio chini ya sentimita 12.5 ni dalili ya utapiamlo. Chini ya sentimita 11.5, au uvimbe wa miguu yote miwili, ni utapiamlo mkali unaohitaji matibabu siku hiyo hiyo.

Kwa mhudumu wa afya, mabadiliko yanaweza kuanza na dakika mbili za ziada mezani pake. Baada ya "Anakula nini?" aulize: "Nieleze chakula cha jana usiku kilikuwaje, tangu mwanzo hadi mwisho." Kisha asikilize. Katika masimulizi hayo itaonekana biskuti ya saa 11:00, simu, sinia ya watoto watano, au pua iliyozibwa. Mama asipewe mambo kumi ya kubadilisha. Achague moja, lile analoona anaweza kulianza usiku huo huo.

Katika nyumba ya mfano, jambo hilo moja linaweza kuwa saa. Mtoto anakula saa 12:45 jioni na bibi na dada, mama akiwa bado njiani. Mama anapofika saa 1:30 anamkuta ameshaoga, anangoja kitendawili. Bibi anasema amekula vijiko sita na kipande cha parachichi, kisha akasema, "Nimeshiba." Safari hii hakuna aliyembishia. Mama ananawa, anaketi mkekani na kula chakula chake kikiwa bado cha moto, mtoto akiwa ameegemea mapajani pake.